Gauni la Buluu Nililolikata

Mama Agneta,

Nakuandikia nikiwa barazani, upande ule ambao jua huchelewa kufika. Agneta amenifunika blanketi miguuni na kunisogezea meza ndogo. Anafikiri naandika maoni ya kupeleka kanisani kuhusu paa la ukumbi, nami nimemwacha afikiri hivyo. Mkono unatetemeka, kwa hiyo usiushangae mwandiko huu. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema mwandiko wangu ni safi hata kuku anaweza kuusoma. Sasa hata mimi nausoma kwa shida.

Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujaletewa na wengine. Nililikata gauni lako. Lile la buluu lenye kola nyeupe. Nililikata kwa makasi ya Agneta ya kushonea, nikijua kabisa kwamba ulikwisha kusema kwa mdomo wako kuwa ni la Dorika mdogo wako. Sitasema nilisahau. Uzee umeninyang'anya mengi, lakini hilo nilikuwa nalikumbuka vizuri wakati makasi yanapita kwenye kitambaa.

Acha nianzie nyuma kidogo.

Siku tuliyokuzika nilisoma mimi mwenyewe wasifu wako. Watoto walitaka Agneta asome, nikakataa. Nilisoma mahali ulipozaliwa, shule uliyosomea, ubatizo, ndoa, watoto, kazi za kanisa, ugonjwa. Sauti yangu haikukatika hata mahali pamoja. Watu walinishika mkono na kuniambia, "Mwalimu, umejikaza." Dorika alikuwa amekaa mbele, mtandio umeanguka mabegani, akinitazama kama mtu anayesubiri basi ambalo limeshapita. Ngoma za isukuti zikapigwa, tukakufunika, nikarudi nyumbani nikaanguka mlangoni mwa jiko lako. Nilipozinduka nilikuwa hospitalini nimechomekwa mirija.

Ndiyo maana nguo zako zilikaa. Kwa kawaida yetu zingegawanywa siku chache tu baada ya mazishi, watu wa boma na watu wa kwenu wakiwa wamekaa pamoja, kila mmoja aondoke na kitu chako cha kuvaa, ndipo matanga yafungwe. Lakini mfiwa lazima awepo, akae kwenye kiti karibu na mlango aone kila nguo ikitoka. Mzee Andayi, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo wetu, akasema nguo zingoje mpaka nipate nguvu ya kukaa. Zikafungiwa kwenye sanduku la bati, Agneta akashika ufunguo. Halafu mvua ikaja, kisha mavuno ya mahindi, kisha moyo wangu ukanirudisha hospitalini tena. Sanduku likaendelea kukaa chini ya dirisha, na mimi nikilala nikilitazama.

Mengine nyumbani yamebadilika kidogo kidogo. Jiko lako limeliwa na mvua upande wa barabarani. Kwaya imepata mwalimu mpya, anaharakisha nyimbo zote. Viazi vitamu ulivyopanda vimeshavunwa mara mbili. Mavuno ya kwanza sikuyala. Nilimwambia Agneta vinanijaza tumbo, na hakuniamini.

Sasa nifike kwenye picha.

Unamkumbuka Sista Felista, muuguzi yule mrefu aliyestaafu, anayekaa nyuma ya kanisa. Alianzisha mkutano wa wazee na wafiwa pale ukumbini kila Alhamisi. Anaweka mezani magunia, maboksi, vitambaa, magazeti ya zamani, maganda ya mahindi na gundi ya unga wa ngano, halafu anasema, "Hapa hakuna kuchora vizuri. Hapa tunabandika kile kiko ndani." Agneta alinipeleka kwa nguvu. Alisema nimekaa na kuta mpaka nimeanza kufanana nazo.

Siku ya kwanza nilichora ramani. Mwalimu wa jiografia angechora nini tena? Nilipiga mistari kwa rula, nikaweka Mumias ulikofanyia kazi ulipokuwa msichana, Ilesi kwa mama yako mfinyanzi, na hapa kwetu, na kwenye pembe nikaandika ufunguo wa alama. Sista Felista alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Mwalimu, hii ni kazi safi," akasema. "Mtoto wa shule angeisoma apite mtihani. Lakini wewe uko wapi hapa?"

Nikamwonyesha nukta ya nyumba yetu.

"Hiyo ni nyumba. Mimi nimekuuliza wewe."

Bibi mmoja aliyekuwa anapaka gundi kando yangu akacheka, "Mwalimu amepotea kwa ramani yake mwenyewe."

Nilikasirika kidogo. Nikamwambia Sista kwamba sijui kuchora huzuni, haina umbo. Akasema, "Usiichore. Itafute kwa mkono. Kama inakwaruza huko ndani, tafuta kitu kinakwaruza. Kama ni nzito, tafuta kitu kizito. Mkono utajua kabla yako."

Nilirudi nyumbani nikaanza kushikashika vitu kama kipofu. Gunia. Maganda makavu ya mahindi. Vigae vya chungu cha mama yako kilichopasuka mwaka ule tulipohamia nyumba ya matofali. Kisha nikafika kwenye ukuta wa jiko lako, nikaweka kiganja juu ya alama zako zilizobaki, nikasimama hapo.

Kila Desemba ulikuwa unasiriba jiko lile upya kwa samadi, majivu na udongo mwekundu, kisha unapitisha vidole kwenye ukuta mbichi, mawimbi na vituo na mistari inayopinda. Nilikuuliza mara moja ile ni picha ya nini. Ukasema, "Ni vile mwaka ulikuwa." Nikadhani ni mzaha. Mwaka aliokufa mama yako uliuacha ukuta mmoja wote bila alama hata moja, nami nikadhani udongo umekuishia, nikakuletea mwingine kwa toroli. Uliutazama ule udongo, ukanitazama mimi, ukasema asante. Rispa, nilikaa na wewe maisha yangu yote ya utu uzima na sikujua kwamba mke wangu anaandika ukutani na mimi sijui kusoma.

Basi nikakoroga samadi. Mimi. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko na ndoo katikati ya miguu, nikachanganya na majivu jinsi nilivyokumbuka mikono yako ikifanya. Unajua vile kazi hiyo haiguswi na mwanamume hapa kwetu. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda mtoni walipunguza mwendo. Mmoja akaita juu ya ua, "Mwalimu, siku hizi umeolewa?"

"Bado," nikajibu, "hawajaniletea ng'ombe."

Walicheka mpaka wakafika mtoni, nilikuwa nawasikia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka nyumbani humu tangu uondoke, hata kama kicheko chenyewe kilikuwa upande wa pili wa ua.

Agneta alinipigilia gunia kwenye fremu ya mbao. Nikapaka udongo wako sehemu ya chini, nikapitisha vidole. Lakini juu kulibaki gunia tupu, na kila nilichobandika kilianguka au kilionekana cha uongo. Nilikuwa nakuhitaji wewe mle ndani. Nikamwomba Agneta ufunguo wa sanduku. Nilimwambia nguo zinataka upepo zisishike ukungu. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote.

Nilipofungua, harufu ya mafuta yako na moshi wa jikoni ilinipiga usoni nikakaa chini. Gauni la buluu lilikuwa juu kabisa. Nikalikunjua mapajani. Na pale penye paja nikaliona lile doa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hatukulizungumza.

Siku ile tulikuwa tunakupeleka Eldoret kwa matibabu tena. Tulikodi gari la jirani. Ulikuwa umevaa hilo gauni kwa sababu ulisema madaktari humheshimu mtu aliyevaa vizuri. Tulipofika njia panda hapo mjini ulimgusa dereva begani. "Geuza," ukamwambia. "Nipeleke Mayoni, leo ni siku ya soko. Nataka mbegu ya viazi." Dereva akanitazama kwenye kioo. Nami nikageuza uso nikatazama dirishani. Hukuniomba ruhusa, nami sikukuuliza sababu.

Mayoni nilibaki garini. Nilikuona kwa mbali ukicheka na mwanamke wa mbegu, mkivutana bei, wewe kama mtu mwenye misimu mingi mbele yake. Ulirudi na fungu la mashina mabichi ukaliweka mapajani, na utomvu ukaanza kulowa kwenye kitambaa. Nilijua utomvu wa viazi hautoki, unageuka mweusi. Nilitaka kukuambia gauni litaharibika. Hata hilo sikulisema.

Kuanzia siku hiyo nikawa na adabu. Nilikuchemshia maji ya kuoga. Nilikuletea chai, nikakusomea Zaburi, nikakugeuza mto. Hakuna nililokosea hata moja. Na wewe ulijua. Siku moja uliniambia, "Mwalimu, siku hizi unanitunza kama mgeni." Nikajibu kwamba mgonjwa anastahili kutunzwa. Ukafumba macho. Mara nyingi nakirudia kile kimya chako na kukiwekea jibu jingine.

Nilikuwa nimekukasirikia, mke wangu. Hilo ndilo lililokuwa ndani. Nilikuwa nimekukasirikia kwa kuchagua viazi ukaniacha mimi. Niliikunja hasira hiyo vizuri kama shati la Jumapili, nikasimama nayo kaburini, nikasoma wasifu bila sauti kukatika. Watu wakasema nimejikaza.

Doa lile lilikuwa jeusi kama lililopakwa jana. Makasi yalikuwa karibu. Nilizunguka doa nikalitoa, na nilipolitoa sikuweza kuacha kukata. Nilikata vipande virefu, nikakata mikono, nikaitoa kola. Nilipomaliza mapaja yangu yalijaa buluu.

Picha ikatoka yenyewe. Vipande vya buluu vilishuka kama barabara, vikafika katikati, vikapinda ghafla kurudi vilikotoka. Katikati niliweka lile doa. Nikalizungushia maganda ya mahindi niliyoyachoma, na masizi ya dari ya jiko lako, na vigae vya chungu vikiwa vimesimama ncha nje, mtu akigusa vimchome. Kola nyeupe niliiweka juu peke yake, mbali na kila kitu. Chini ni udongo wako na vidole vyangu. Nilipobandika kigae cha mwisho nikaanza kulia pale ukumbini mbele ya wazee wote, mikono imejaa gundi nikashindwa hata kujifuta. Sista Felista hakusema ni nzuri wala ni mbaya. Alileta beseni la maji ya vuguvugu akaninawisha mikono.

Nilikuwa bado natembea mwepesi baada ya kilio kile, Mzee Andayi alipotuma ujumbe kwamba siku ya kugawa nguo imepangwa.

Ndipo hofu ilipoingia. Dorika alikuwa amemwambia kila mtu kwake Navakholo kuhusu gauni lile. Mlishona mawili kwa kitambaa kimoja, lake likaungua kwa pasi ya makaa, na wewe kitandani ukamwahidi lako. Alikuwa ameshampata fundi wa kulipunguza, maana ulikuwa umemzidi mwili. Na unawajua watu wa kwenu. Nguo iliyotajwa na marehemu ikikosekana, wanasema boma limeificha, wanaondoka bila kula, na matanga hayafungwi. Mimi nilivyo sasa, nikifa yakiwa hayajafungwa, hakuna wa kwenu atakayekanyaga hapa kunizika. Watoto wetu wangebaki katikati ya nyumba mbili zisizosalimiana.

Agneta alipoiona picha alijishika kichwa. "Baba, umefanya nini?" Kisha, kwa sababu ni mtoto wako, akapata mpango palepale: aende Mumias atafute kitambaa kama kile, kishonwe haraka.

"Mama mdogo hatajua," akasema.

"Atajua."

"Basi utamwambia nini?"

Nilimwambia sijui. Lakini Mumias nilimkataza kwenda.

Siku ikafika. Hema lilisimamishwa uani, nikakalishwa kwenye kiti karibu na mlango. Dorika aliingia na watu wa kwenu, akanisalimia kishemeji, "Mulamwa, umekonda kama uzi," akaenda kukaa mbele. Mzee Andayi akaanza kutoa nguo moja moja na kuziinua juu. Sweta ikapata mtu. Leso zikapata watu. Koti la baridi lilichukuliwa na jirani yetu aliyesema, "Hii koti nilikuwa naiombanga hata akiwa hai, akininyima." Watu wakacheka, na nilijua wewe pia ungecheka. Kisha Mzee Andayi akaliinamisha sanduku kuonyesha liko tupu.

Dorika akasimama.

"Mzee, hiyo sanduku haijaisha."

"Imeisha, dada yangu. Angalia."

"Haijaisha. Gauni yangu ya buluu iko wapi? Dada aliniambia akiwa kwa kitanda, na mulamwa alikuwa amekaa hapo kando yake. Mulamwa, ulisikia ama hukusikia?"

"Nilisikia," nikasema.

"Basi iko wapi?"

"Nimelikata."

Sauti ya viti ikaanza upande wa watu wa kwenu. Mmoja akasema, "Twendeni." Mzee Andayi akainua mikono. Nikamwambia Agneta alete picha. Aliibeba kutoka ndani akaiegemeza kwenye nguzo ya hema, uso wake umeinama kama yeye ndiye aliyekosa.

Dorika akavaa miwani. Akasogea karibu sana. Aligusa kola kwa kidole kimoja. "Hii kola, vifungo vyake nilishona mimi," akasema, lakini si kwangu. Akafuata kipande cha buluu kikishuka, kikipinda, kikirudi. Kidole kikafika katikati, kigae kikamchoma, akakitoa haraka.

"Na hii nyeusi ni nini?"

Ningeweza kusema ni urembo. Nilishika fimbo yangu kwa mikono miwili.

"Hiyo ni siku ya Mayoni," nikasema. "Alikataa kwenda hospitali, akaenda sokoni. Mimi nilimkasirikia. Sikumwambia. Nilimtunza na hasira yangu ndani mpaka akafa, na hata kaburini nilikuwa nayo. Sina pengine pa kuiweka. Nimeiweka hapo."

Mzee Andayi akakohoa. "Mwalimu, haya ni mambo ya kusema mbele ya watu?"

"Wacha aseme," Dorika akasema bila kugeuka. "Siku ya mazishi alitusomea ripoti ya shule."

Mtu mmoja akacheka, akajikamata, kisha nikajisikia mimi mwenyewe nacheka, na hapo wengine wakapata ruhusa. Wale waliokuwa wamesimama wakakaa.

Dorika akavua miwani. "Sasa mnisikize. Nguo ni nguo, hata ikigundishwa kwa gunia. Dada yangu hawezi kutundikwa kwa ukuta ya mtu mmoja. Itagawanywa kama zile zingine." Akamgeukia Agneta. "Leta kisu. Na baba yako ndiye atakata."

Mzee Andayi akakumbusha kwamba mfiwa hagusi nguo siku ya kugawa. Dorika akamjibu, "Si ameshagusa?" Kisha akaniletea kisu mwenyewe, akaniwekea mkononi kwa upole ambao sikuutegemea. "Mulamwa, mara ya kwanza ulikata kama mwizi. Sasa kata kama mwenye boma."

Sitakuficha kwamba niliumia. Katika maisha yangu yote hicho ndicho kitu pekee nilichosema chote, na sasa nilitakiwa kukipasua mbele ya watu. Mkono haukuwa na nguvu. Dorika alilivuta gunia likakaza, nami nikapitisha kisu alipokaza, tukaenda hivyo, yeye akivuta na mimi nikikata, mpaka fremu ikabaki mbao tupu. Alichukua kola na barabara ya juu. Agneta alipewa udongo wenye vidole. Watu wa Ilesi walipewa vipande vyenye vigae vya ukingoni, wakavitambua na kuanza kubishana ni chungu kipi cha mama yenu.

Kile cheusi hakikupata mtu. Mzee Andayi alikiinua, akakizungusha, watu wakatazama miguu yao. "Mume hachukui nguo ya mkewe," akasema, "lakini hii si nguo tena, ni masizi. Mwalimu abaki nayo." Nikawekewa mapajani. Akatangaza matanga yamefungwa, na obusuma, ugali wetu, na kuku vikaletwa, na watu wa kwenu wakala. Nilipowaona wananawa mikono nilijua nitazikwa na watu wote.

Lakini si hapo ninapotaka kuishia.

Watu walipoanza kuondoka, Dorika alikuja kuniaga na mfuko wake begani. Alinipa mkono, akafika langoni, akarudi. Akavuta kiti, akakaa kando yangu.

"Mulamwa, hiyo nyeusi. Nikatie."

"Ya nini? Utajichafua."

"Nilikuja hapa kutoka Navakholo kumuomba aende Eldoret. Unakumbuka? Akanipatia chai. Akanipeleka shambani kunionyesha vile viazi vimeshika. Mimi namwambia habari ya hospitali, yeye ananiambia habari ya viazi. Nikarudi nyumbani nikaapa sitakanyaga kwenu tena. Nikakuja tu wakati alikuwa hawezi kutoka kitandani." Akaushusha mfuko chini. "Unafikiri ni wewe peke yako ulimkasirikia?"

Nikakata. Lilikuwa gumu kwa gundi na masizi, na hakuna aliyetusaidia. Nilimpa nusu akaifunga kwenye leso, mikono yetu yote ikawa myeusi.

"Lakini alikuwanga kichwa ngumu huyu," akasema.

"Sana."

"Hata akiwa mtoto."

Tukakaa hapo tukikusema mpaka pikipiki yake ikachoka kungoja na kuanza kupiga honi. Tulikusema vibaya, Mama Agneta, kwa furaha kubwa. Mzee Andayi alikuwa ameyafunga matanga yako mapema. Mimi nahesabu kwamba yalifungwa hapo.

Juzi Dorika alipiga simu. Amebandika kipande chake juu ya mlango wa jikoni. Anasema mumewe ameuliza uchafu ule ni wa nini, naye amemjibu ni dada yake.

Sasa nimalize, mkono unakataa.

Daktari anataka nipelekwe Eldoret. Moyo umechoka, kuna kitu wanaweza kujaribu. Agneta ameshapanga gari. Rispa, sitaki kwenda. Nimeiona barabara ile mara nyingi, nimelala kwenye vitanda vile, na nikifumba macho ninachotaka ni baraza hili na sauti za watu wanaopita kwenda mtoni. Ndiyo kusema nimekuelewa. Imenichukua muda mrefu, na nimelazimika kufika mahali ulipokuwa umesimama ndipo nikaona ulichokuwa unakiona. Hukuniacha mimi ukachagua viazi. Ulikuwa unataka siku moja ya soko, na mimi niwe nawe ndani yake, nami nikabaki garini.

Hasira haijaisha yote. Imebaki kama nusu. Nimeamua nusu hiyo nitakuja nayo, tuimalize huko pamoja.

Sasa Agneta yuko uani anaanika maharagwe. Nikikunja karatasi hii nitamwita akae hapa kando yangu, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba gari lisije, na sababu yake. Atanikasirikia, maana ana kichwa chako. Nakuahidi sitatazama pembeni. Akipaza sauti nitamsikiliza, akilia nitalia naye, na akinyamaza nitamuuliza ananyamazia nini.

Kwaheri, Rispa. Niwekee nafasi kando yako.

Ni mimi wako,
Mwalimu